Malipo ya Mwisho Yakizidi: Mwongozo Kamili wa Kudai na Kurejesha Ziada kwa Mujibu wa Sheria ya Kazi Tanzania

Mwongozo huu unawahusu watu wawili wanaokaa pande mbili za meza moja: afisa anayeandaa malipo ya mwisho ya mfanyakazi anayeondoka, na mfanyakazi mwenyewe ambaye wiki mbili baada ya kuaga anapigiwa simu na kuambiwa, "Tulikuzidishia, rudisha." Maswali ninayoletewa kuhusu jambo hili yanafanana mno. Mwajiri amedai kiasi kisicho sahihi, au amezuia cheti cha utumishi ili kumbana mtu, au amekata fedha bila maandishi. Mfanyakazi naye amekaa kimya akidhani kwamba kwa kuwa kosa si lake, fedha ni zake. Wote wawili wamejikwaa mahali pamoja: wameanza kugombania fedha kabla ya kukubaliana juu ya hesabu.

Sheria inayozungumziwa hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, Sura ya 366, inayotumika Tanzania Bara. Namba za vifungu nilizotumia ni za toleo la 2019, kwa hiyo mwenye toleo jipya zaidi alinganishe kabla ya kunukuu kwenye barua. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wana taratibu zao chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Hao wasifuate hatua hizi neno kwa neno.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

Usianze kuandika barua yoyote kabla hujakusanya nyaraka hizi:

- mkataba wa ajira na kila barua ya nyongeza ya mshahara iliyoufuata;
- barua ya kujiuzulu au ya kusitisha ajira, inayoonyesha siku ya mwisho ya kazi;
- rejesta ya likizo, pamoja na fomu za likizo zilizosainiwa;
- hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho na mchanganuo wa malipo ya mwisho;
- uthibitisho wa benki wa kiasi kilichoingia kwenye akaunti ya mfanyakazi, na tarehe yake;
- ritani ya kodi ya ajira, yaani taarifa ya kodi iliyowasilishwa TRA (Mamlaka ya Mapato), na orodha ya michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mwezi husika;
- makubaliano yoyote ya kumaliza madai ambayo pande mbili zilisaini wakati wa kuagana.

Rejesta ya likizo ndiyo inayokosekana mara nyingi, na ndiyo yenye majibu mengi. Kama haipo, itengenezwe upya kutokana na fomu kabla ya kwenda mbele, maana bila hiyo hakuna namna ya kumthibitishia mtu kwamba siku alizolipwa hakuwa nazo.

## Sheria inasema nini

Kifungu cha 28(1) kinamkataza mwajiri kukata chochote kwenye ujira isipokuwa makato hayo yanatakiwa au yanaruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi amekubali kwa maandishi kukatwa deni. Hilo ndilo katazo.

Kifungu cha 28(5) kinaongeza kwamba mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi arudishe ujira aliokwisha kulipwa, isipokuwa malipo yaliyozidi kutokana na kosa katika kukokotoa ujira wake. Kifungu hichohicho kinakataza kumsainisha mtu kwamba amepokea kiasi kikubwa kuliko alichopokea kweli. Nakuomba uyakumbuke maneno hayo ya mwisho, kwa sababu yatarudi katika hatua ya nne na wengi hawayatarajii pale.

Kwa upande wa mfanyakazi, kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba aliyelipwa fedha kwa makosa anapaswa kuzirudisha. Hakimwulizi nani alikosea. Ukimya, au kuhamia mkoa mwingine, hakuligeuzi deni kuwa zawadi.

Kwa wasomaji walio Kenya, njia yao ni fupi kidogo: kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja wazi kwamba kiasi kilicholipwa kwa makosa kupita ujira unaostahili kinaweza kukatwa, lakini jumla ya makato yote kwa wakati mmoja isizidi theluthi mbili ya ujira. Hatua za hesabu zilizo hapa chini zitawafaa hata wao, ila viwango vya kodi na michango ni vingine.

## Hatua ya 1: Andika tarehe, na usimpigie mtu simu bado

Siku kosa linapogunduliwa, andika kwenye faili tarehe, aliyeligundua na namna alivyoligundua. Halafu angalia kalenda.

Kuna tarehe mbili zinazokukimbiza. Kodi ya ajira, ile inayoitwa PAYE, hulipwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Kosa la malipo ya tarehe 30 Juni likigunduliwa tarehe 3 Julai, ritani inaweza kwenda ikiwa sahihi tangu mwanzo na nusu ya usumbufu ikaisha hapohapo. Tarehe ya pili ni ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo kwa kanuni zake za mwaka 2007 hupokea migogoro isiyohusu uhalali wa kuachishwa kazi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Watu hubishana siku 60 zinaanza lini, kama ni siku ya malipo, siku ya kugundua au siku ya kukataliwa. Usijiingize katika ubishi huo. Hesabu kutoka siku ya mapema zaidi na utakuwa salama kwa tafsiri yoyote.

Kuhusu simu: afisa akitaja kiasi kwa mdomo siku ya kwanza, kisha barua ikaja na kiasi kingine, mfanyakazi hataamini hesabu ya tatu hata ikiwa ndiyo sahihi.

## Hatua ya 2: Piga hesabu upya kuanzia sifuri

Usisahihishe karatasi ya zamani. Chukua karatasi mpya na upite kifungu cha 44 kipengele kwa kipengele, kwa kuwa ndicho kinachoorodhesha stahili za mtu anapoondoka: ujira wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, likizo iliyokuwa inaendelea kulimbikizwa katika mzunguko ambao haujakamilika, malipo badala ya notisi kama yapo, kiinua mgongo kama anastahili, na nauli ya kurudi alikoajiriwa kama anastahili.

Makosa yanayojirudia ni machache na yanajulikana. Jina halikuondolewa kwenye orodha ya mishahara, mtu aliyeondoka tarehe 15 akalipwa mwezi mzima. Faili la benki limetumwa mara mbili. Mtu amefanya kazi siku zote 28 za notisi na bado amelipwa notisi. Mtu aliyejiuzulu mwenyewe amelipwa kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, ilhali kifungu cha 42 kinakitoa kwa yule ambaye mwajiri ndiye aliyesitisha ajira yake baada ya kutimiza angalau miezi 12 mfululizo.

Likizo ndiyo inayoongoza, kwa hiyo tuitazame kwa mfano mmoja ambao tutakwenda nao hadi mwisho.

Karani wa ghala ana mshahara wa msingi wa TSh 1,040,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili miaka kadhaa iliyopita, likizo za miaka yote iliyotangulia alizimaliza, na amejiuzulu kwa notisi halali. Siku yake ya mwisho ni tarehe 30 Juni. Kampuni imemlipa mshahara wa Juni, TSh 1,040,000, na likizo ya mwaka mzima, TSh 1,040,000 nyingine. Jumla kabla ya makato ni TSh 2,080,000.

Sasa hesabu sahihi. Jedwali la Kwanza la Sheria linaelekeza kwamba mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha ugawanywe kwa siku za kazi za wiki. Kwa karani wetu, 1,040,000 gawanya kwa 4.333 gawanya kwa 6 ni kama TSh 40,000 kwa siku. Likizo ya mzunguko usiokamilika inahesabiwa, kwa kifungu cha 31, kwa ujira wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni ni wiki 13, yaani siku 78 za kazi. Gawanya kwa 13, unapata siku 6. Likizo yake basi ni TSh 240,000, na stahili zake zote kabla ya makato ni TSh 1,280,000.

Tofauti ni TSh 800,000. Waajiri wengi huishia hapa na kuanza kudai laki nane, na ndiyo maana hatua mbili zinazofuata zipo.

Hatua hii imekamilika pale mtu wa pili ofisini, ambaye hakuiona hesabu ya kwanza, anapoifanya mwenyewe na kufika kwenye namba ileile.

## Hatua ya 3: Jiulize kama kweli ni kosa la hesabu

Msamaha wa kifungu cha 28(5) ni kwa kosa la kukokotoa. Hauhusu uamuzi ambao mwajiri ameujutia baadaye. Meneja akiandika kwenye faili kwamba kwa utumishi mwema mfanyakazi apewe mshahara wa mwezi mmoja zaidi, kisha akaja meneja mwingine akaona ni nyingi, hapo hakuna kosa la hesabu. Kuna ahadi iliyotolewa na kutekelezwa, na kuidai irudi ni kumtaka mtu arudishe ujira wake kinyume cha sheria.

Soma pia makubaliano ya kuagana. Kama pande mbili zilisaini kwamba kiasi fulani kinamaliza madai yote kati yao, mwajiri atafute ushauri wa wakili kabla ya kudai hata shilingi, kwa sababu mfanyakazi atasema, na atakuwa na hoja, kwamba kiasi kile kilikuwa bei ya amani na si jumla ya hesabu. Na kama malipo yalitokana na makubaliano yaliyofikiwa mbele ya msuluhishi wa CMA au na tuzo ya mwamuzi, mwongozo huu haukuhusu. Hapo kuna njia za kisheria za kupinga uamuzi wenyewe.

Usichanganye jambo hili na madai mengine. Mkopo wa kampuni, kompyuta ambayo haijarudishwa na notisi ambayo mfanyakazi alikataa kuifanyia kazi vina kanuni zake. Hilo la notisi, kwa mfano, linaruhusiwa kukatwa na kifungu cha 41(6). Lakini barua inayobeba vyote kwa pamoja humfanya mpokeaji akatae vyote kwa pamoja.

## Hatua ya 4: Tenganisha kilichofika mkononi na kilichokwenda TRA na NSSF

Hii ndiyo hatua ninayoona ikirukwa kuliko zote, na niseme wazi kwamba mara ya kwanza niliposimamia jambo kama hili nami niliiruka. Niliandika barua ya kudai kiasi ghafi, na aliyenisahihisha alikuwa dereva niliyemwandikia, kwa kalamu nyekundu pembeni mwa barua yangu mwenyewe: "Hizi zingine mbona sikuziona?"

Turudi kwa karani. Katika malipo yenye kosa, NSSF ya asilimia 10 ilikuwa TSh 208,000, ikabaki TSh 1,872,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya mwezi vilivyoanza Julai 2021, anayezidi milioni moja hutozwa TSh 128,000 na asilimia 30 ya kilichozidi milioni hiyo. Kodi yake ilikuwa TSh 389,600. Kilichoingia benki ni TSh 1,482,400.

Katika hesabu sahihi, NSSF ni TSh 128,000, kinachotozwa kodi ni TSh 1,152,000, kodi ni TSh 173,600, na kilichopaswa kuingia benki ni TSh 978,400.

Ziada iliyofika mkononi mwa karani ni TSh 504,000. Zile TSh 296,000 zinazofanya laki nane itimie hakuziona kamwe: TSh 216,000 zilikwenda TRA na TSh 80,000 NSSF, kwa jina lake ila kwa mkono wa mwajiri.

Mwajiri anayemsainisha karani hati ya kukiri kwamba alipokea TSh 800,000 zilizozidi anaingia moja kwa moja kwenye katazo nililokuomba ulikumbuke: hakuna kumsainisha mtu kwamba amepokea zaidi ya alichopokea. Na mfanyakazi anayelipa laki nane ili kumaliza maneno amelipa kodi ya fedha ambazo hakuzipata. Kinachodaiwa kwake ni kile alichopokea. Kilichokwenda kwingine mwajiri akifuate huko huko, kama tutakavyoona katika hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Andika barua yenye hesabu mbili

Barua nzuri ya jambo hili ni fupi, inakiri kosa, inaonyesha hesabu ya zamani na mpya, na inamwachia mtu nafasi ya kupinga. Hii hapa kwa karani wetu:

"YAH: MALIPO YALIYOZIDI KATIKA STAHILI ZAKO ZA MWISHO

Ndugu, tarehe 30 Juni tulikulipa TSh 1,482,400 kama stahili zako za mwisho baada ya makato. Katika kuhakiki hesabu tarehe 9 Julai tumebaini kwamba likizo yako ilihesabiwa kwa mwaka mzima (TSh 1,040,000) badala ya siku 6 zilizolimbikizwa tangu tarehe 1 Aprili (TSh 240,000). Kiasi ulichostahili kupokea baada ya makato ni TSh 978,400, hivyo ziada iliyoingia kwenye akaunti yako ni TSh 504,000. Mchanganuo wa hesabu zote mbili na nakala ya rejesta ya likizo vimeambatanishwa.

Kosa ni letu na tunaomba radhi. Tafadhali kagua hesabu hii na utujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, ukieleza kama unaikubali, unaipinga, au unapendekeza namna ya kurejesha. Cheti chako cha utumishi tumekiambatanisha."

Siku 14 ni busara yangu, hazikutajwa na sheria. Zinatosha mtu kusoma na kuuliza, na haziili sehemu kubwa ya zile siku 60. Barua ipelekwe kwa namna inayoacha alama: kwa mkono na kusainiwa nakala, au kwa baruapepe na rejesta ya posta kwa pamoja. Ujumbe wa WhatsApp peke yake usiutegemee.

Sentensi ya mwisho kuhusu cheti cha utumishi haikuwekwa kwa adabu tu. Kifungu cha 44(2) kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, na hakikuweka sharti la kwanza mfanyakazi awe hana deni. Kukizuia ni kumpa mfanyakazi dai lake mwenyewe la kwenda nalo CMA, na huko ndiko kesi nyingi zilizoanza vizuri kwa mwajiri zilikogeuka.

Onyo jingine ni kuhusu polisi. Karani wa mfano hakuiba, alilipwa. Kumtishia kwa kituo cha polisi kwa deni lililotokana na hesabu ya mwajiri mwenyewe ni kuligeuza daawa la madai kuwa ugomvi. Ingekuwa tofauti kama aliyelipwa ndiye aliyebadilisha tarakimu kwenye orodha ya mishahara.

## Hatua ya 6: Mfanyakazi ajibu, na ajibu kwa maandishi

Ukipokea barua kama hiyo, kwanza usiziguse fedha zinazodaiwa kama bado zipo. Pili, fanya hesabu mwenyewe kwa kufuata hatua ya 2 na ya 4. Kama barua haina mchanganuo, jibu kwa sentensi moja tu: unaomba mchanganuo, rejesta ya likizo na hati ya mshahara, na utajibu dai ukishavipata. Hilo si kukataa kulipa, na hakuna atakayekulaumu kwalo mbele ya msuluhishi.

Ukiona hesabu ni sahihi, kubali kiasi na upendekeze ratiba unayoiweza kweli. Mtu aliyepoteza kazi na hajapata nyingine asiahidi kulipa kwa mkupuo kwa kuona haya. Akishindwa mwezi wa kwanza atakuwa amevunja makubaliano aliyoyasaini mwenyewe.

Ukiona umezidishiwa kabla mwajiri hajagundua, toa taarifa wewe. Utachagua ratiba wewe, na barua ile itakusaidia mwajiri wako wa baadaye akipiga simu kuulizia habari zako.

## Hatua ya 7: Saini makubaliano ya kurejesha

Makubaliano yataje kiasi, chanzo cha kosa, tarehe za malipo, akaunti ya kampuni fedha zitakapopelekwa, na sentensi kwamba baada ya malipo ya mwisho hakuna dai jingine kuhusu ziada hiyo. Fedha zilipwe benki au kwa simu kwenda namba ya malipo ya kampuni. Zisipitie mkononi mwa mhasibu au kwenye simu yake binafsi, hata awe mwaminifu namna gani.

Kuna hali moja inayohitaji uangalifu wa ziada, nayo ni pale kosa linapogunduliwa kabla ya malipo ya mwisho kutoka. Tuseme mtu amelipwa posho mara mbili mwezi Mei, naye anaondoka mwishoni mwa Juni. Kishawishi ni kukata kimyakimya kwenye malipo ya Juni. Wapo wanaosema kifungu cha 28(5) kinatosha kuruhusu makato hayo. Mimi nasema pata saini: mpe hesabu, mpe nafasi ya kuipinga, asaini kwamba anakubali deni na makato. Ukurasa mmoja wenye saini unaondoa ubishi ambao vinginevyo utaulipia wakili.

Kuhusu ukubwa wa makato, kifungu cha 28(2) kimeweka kikomo cha robo ya ujira wa fedha kwa makato ya hasara au uharibifu uliosababishwa na mfanyakazi. Kosa la hesabu si hasara ya namna hiyo. Hata hivyo, kama mtu anabaki kazini katika kampuni tanzu au anaendelea na mkataba mwingine wa muda, robo ni kipimo kizuri cha kuazima, maana anayebaki na robo tatu ya mshahara bado anaweza kulipa pango.

Usiiombe benki ivute fedha kutoka kwenye akaunti ya mfanyakazi bila ridhaa yake. Kama ni faili lililotumwa mara mbili na bado ni siku ileile, zungumza na benki mara moja, lakini mfahamishe mwenye akaunti na upate idhini yake iliyoandikwa.

## Hatua ya 8: Mwajiri asahihishe TRA na NSSF

Kwa karani wetu, kosa liligunduliwa tarehe 9 Julai, siku mbili baada ya tarehe ya mwisho ya ritani. Mwajiri basi anawasilisha marekebisho ya ritani ya Juni, akionyesha malipo sahihi ya TSh 1,280,000 na kodi ya TSh 173,600, na kuambatanisha hesabu mbili, barua na makubaliano. Tozo ya mafunzo ya ufundi, SDL, kwa anayepaswa kuilipa, nayo isahihishwe, kwa kuwa ilikokotolewa kwa jumla ileile yenye kosa.

NSSF iandikiwe barua yenye namba ya uanachama ya mfanyakazi, mwezi husika, mchango uliopelekwa na unaostahili. Asisahau sehemu yake mwenyewe: kama naye alichangia asilimia 10, kuna TSh 80,000 nyingine alizopeleka bure. Michango ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ipitiwe kwa njia hiyohiyo.

Mfanyakazi apewe hati mpya ya mshahara ya Juni. Anaihitaji, kwa sababu ile ya zamani inaonyesha kipato ambacho hakuwa nacho, na benki au mwajiri mpya anaweza kuiomba.

## Hatua ya 9: Mkishindwana, nendeni CMA

Mwajiri pia ana haki ya kupeleka mgogoro CMA. Fomu ni CMA F.1, ileile anayotumia mfanyakazi, na nakala hupelekwa kwa upande wa pili kabla ya kuwasilishwa. Kama siku 60 zimepita, ombi la kuongezewa muda huambatanishwa na sababu za kila siku ya kuchelewa, na "tulikuwa tunafunga hesabu za mwaka" si sababu inayomvutia msuluhishi.

Usuluhishi hupewa siku 30, isipokuwa pande mbili zikubaliane kuongeza. Hapa mfanyakazi asipuuze wito. Chini ya kifungu cha 87, aliyepeleka mgogoro asipofika, msuluhishi anaweza kuufuta. Lakini akikosekana anayedaiwa, msuluhishi anaweza kuuamua. Wapo waliopuuza kwa kuamini kwamba hakuna wa kuwafanya lolote kwa kuwa hawako kazini tena, wakaja kushtukia uamuzi.

Kila upande uje na faili lake: hesabu mbili, rejesta ya likizo, uthibitisho wa benki, barua na majibu yake. Mara nyingi mambo huishia mezani hapo, kwa kuwa msuluhishi huomba kwanza karatasi ya hesabu. Yasipoisha, huenda kwa mwamuzi, ambaye hutoa tuzo, na asiyeridhika nayo ana wiki sita tangu alipokabidhiwa kupeleka maombi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kwa dai la TSh 504,000, sijamwona mwajiri aliyefika huko akatoka na faida baada ya kumlipa wakili.